Kona Haikumtupa Mama Musoki

Ilikuwa siku ya Jumatano, tarehe kumi na mbili Novemba mwaka 2025, saa kumi kasoro dakika kumi na tatu alasiri, Mama Musoki alipoanguka kutoka juu ya lori kwenye kona ya mtoni, hapa kwetu Bunia. Wapo wanaosema ilikuwa Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mvua ilinyesha, na mvua ni shahidi mzuri kwa dereva. Si kweli. Saa yangu ya mkono hukawia dakika mbili kwa siku, nami huirekebisha kila adhuhuri kwa redio. Basi dakika ninayoitaja nimekwisha kuiondolea kosa lake. Nilikuwa nimekaa mlangoni pangu, hatua arobaini kutoka kwenye kona, na lori lilipopita lilinijaza vumbi kooni. Vumbi, si matope. Wapo pia wanaosema giza lilikuwa linaingia. Mtu anayeona giza saa kumi kasoro na ajitazame macho.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye benchi la Mama Annette, anayeuza kahawa ya tangawizi kwenye njia panda ya mafundi wa pikipiki. Assani alikuwepo, tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu hajawahi kusomea sheria lakini hajakosa kesi hata moja kwenye kiti cha watazamaji. Étienne alikuwepo, fundi wa magurudumu, tunayemwita Enjenyeri. Mimi huitwa Babebi, kwa kuwa nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na nilizisoma silabi kwa sauti mpaka mtaa mzima ukazijua. Kisha akaja Emery mwenyewe, dereva wa lori lile, ambaye kwa jinsi anavyopakia huitwa Tonnage, yaani tani. Alikuwa na karatasi nyeupe na kalamu.

Tonnage — Muzee Babebi, weye njo uko na mukono muzuri. Uniandikie. Andika vile: siye bantu ya benchi ya Mama Annette tunashuhudia kama ile kona njo ilimutupa Mama Musoki, na yeye alikuwa amekaa vibaya. Kisha kila mutu atatia sinyatire yake chini.

Mimi — Na karatasi inaenda wapi?

Tonnage — Ku komite. Saa sita banakutana.

Nilijua komite ya wasafirishaji ingekutana, na nilijua kwa ajili ya nini. Ikikubali kwamba kona ndiyo iliyomtupa na kwamba alikaa vibaya, jina la Musoki litafutwa kwenye orodha ya wanawake wanaopewa nafasi juu ya malori yanayoleta mazao kutoka Bule. Alikuwa amelala hospitalini, paja limevunjika mahali pawili, na hana kazi nyingine katika dunia hii isipokuwa njia ya Bule.

Mimi — Siandike.

Tonnage — Juu ya nini?

Mimi — Juu kona haitupake mutu.

Avoka aliweka kikombe chini. Mtu akikataa jambo mbele yake, huwa ni kama amemfungulia mlango wa mahakama.

Avoka — Muzee, mambo iko wazi. Kona iko na nguvu ya kutupa inje. Hata mutoto ya primaire anajua. Swali ya kweli ni hii: kona ni ya nani? Siye hatukuichonga. Balioichonga barabara njo bako na kosa. Maji ya moto haichomake nyumba, kwa hiyo tushitaki barabara.

Annette — Kuku yangu inapitaka mu ile kona kila siku. Sijaona hata moja inatupwa.

Avoka — Kuku haikimbiake mu soixante, kilometa makumi sita kwa saa, Mama.

Enjenyeri — Hapana, Avoka, uko nyuma. Haiko kona, ni chini ya kona. Hii inchi yetu iko na dhahabu mpaka ku mizizi ya mihogo. Dhahabu inavuta. Kamyo ikipita pole pole, inavuta kidogo. Ikipita na mbio, inashituka.

Annette — Musoki alikuwa na dhahabu gani juu yake? Alikuwa na kitenge na kiatu moja ya plastike.

Enjenyeri — Pale njo siri iko. Dhahabu inavutaka wenye hawana.

Tonnage alitikisa kichwa kwa uzito, kama mtu anayeona utetezi wake unapata mguu wa pili. Avoka hakupenda kupitwa.

Avoka — Kama tunaenda kwa sayansi, basi twende mpaka mwisho. Dunia inazunguka, ao haizunguke? Inazunguka. Na fasi, mahali dunia inazunguka na mbio kupita yote, ni wapi? Ni ku ule mustari wa katikati ya dunia, ikweta. Na Bunia iko wapi? Iko karibu kabisa na ule mustari. Kwa hiyo siye bantu ya hapa tunatupwa kila siku, tangu tumezaliwa, kupita bantu ya Ulaya. Musoki alikuwa amekwisha kutupwa na dunia. Kona ilimalizia tu.

Annette — Na weye, dunia ilikutupa ikasahau kuachilia.

Avoka — Cheka, Mama. Kicheko ya kuku ni furaha ya mwewe.

Sikucheka. Hasira yangu si ya haraka. Hupanda kama maji katika shimo la kisima, bila sauti, na unapoiona imekwisha kufika juu. Katika yote waliyoyasema palikuwa na kosa moja lililovaa nguo tatu: kwamba kuna kitu kilichomsukuma yule mama kwenda nje. Ukweli wa jambo hilo nilikuwa nimeusoma katika kitabu cha fizikia cha sekondari, kisicho na jalada, ambacho muuza karanga alikuwa akikichana kufungia karanga zake. Nilikinunua kabla ya kurasa za mwendo kufika kwenye karanga. Ukurasa mmoja ulinichukua siku tisa.

Mimi — Mama Annette, niazime kile kifuniko unawekaka chini ya birika.

Alinipa. Kilikuwa kifuniko cha ndoo ya rangi, kilichokatwa katikati kikabaki ukingo tu, kama pete kubwa. Na upande mmoja wa ukingo ulikuwa umeyeyuka kwa moto, ukaacha pengo la vidole vitatu. Enjenyeri nilimwomba gololi moja ya chuma kutoka katika mfuko wake, ambako hazikosekani. Nililaza pete ile juu ya meza.

Mimi — Sasa, nitasukuma hii gololi ndani, itazunguka kufuata ukingo. Ikifika ku hili pengo, itatoka. Kila mutu aweke kidole fasi itapita.

Avoka — Itatoka inje, moja kwa moja kutoka katikati. Kidole yangu iko hapa.

Enjenyeri — Miye ninaona itaendelea kuzunguka kidogo hata inje, juu imezoea kuzunguka. Hapa.

Tonnage — Naweka pamoja na Avoka.

Niliweka kidole changu mahali ambapo hakuna aliyeweka. Nikaisukuma. Ilizunguka ikilia juu ya mbao, ikafika kwenye pengo, ikatoka kwa mstari ulionyooka, ule ule iliokuwa ikielekea pale ilipoukosa ukingo, ikagonga kidole changu. Haikwenda kwa Avoka. Haikupinda kwenda kwa Enjenyeri. Avoka alisema meza imeinama. Tukageuza meza. Ikagonga kidole changu. Avoka alisema gololi ni ya Enjenyeri na Enjenyeri ni rafiki yangu. Tukaweka punje ya maharagwe ya mviringo. Ikayumba kidogo, ikapita pembeni ya kidole changu, mbali na vyao.

Mimi — Munaona. Kitu chenye kinaenda kinataka kuendelea mbele, mustari moja, mwendo moja, mpaka kitu ingine ikiguse. Ile njo sheria ya kwanza. Kwa hiyo kuzunguka haiko mapenzi ya gololi. Ukingo njo ulikuwa unaisukuma kila wakati kuelekea katikati, kila wakati, bila kupumzika. Fasi ukingo uliisha, hakuna kitu iliisukuma inje. Haikutupwa. Iliachwa.

Enjenyeri aliokota gololi, akaitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyesema uongo miaka mingi.

Enjenyeri — Kwa hiyo mama hakuenda inje?

Mimi — Alienda mbele. Kamyo njo iligeuka ikamuacha. Muulize Kamate, mwenye shamba ya mihogo. Alimuokota wapi? Pembeni ya katikati ya kona? Hapana. Alimuokota mbele, ku mustari wa barabara yenye kamyo ilikuwa inatoka nayo. Nilienda kule na miguu yangu, nikasimama fasi kona inaanzia, nikaangalia mbele: mihogo yenye imevunjika iko sawasawa mbele ya macho.

Tonnage — Sasa Muzee, miye mwenyewe nilikuwa ndani. Kitabu yako haikukuwa ndani. Mu ile kona nilisikia nguvu inanisukuma ku mulango. Angalia hii bega, mpaka leo inauma. Ile nguvu ni nini, kama haiko ya kutupa?

Mimi — Mulango njo ulikusukuma. Weye ulikuwa unaendelea mbele, sawa na Musoki. Kamyo ikageuka, mulango ukakuja ku bega yako, ukakusukuma ndani ya kona. Na bega yako ikasukuma mulango, kwa nguvu ile ile, upande wa pili. Ni sheria ya tatu: unisukume, nikusukume. Weye ulisikia maumivu, ukafikiri ni kona.

Tonnage alilishika bega lake.

Mimi — Weye ulikuwa na mulango, Tonnage.

Alinitazama, kisha akatazama kalamu yake. Mama Annette alikuwa amesimama na birika mkononi bila kummiminia mtu yeyote.

Mimi — Ile siku ulikuwa mu ngapi?

Tonnage — Soixante. Barrière, kizuizi ya mbele, inafungaka saa kumi, unajua.

Mimi — Na siku ingine unapitaka pale mu ngapi?

Tonnage — Trente, makumi tatu.

Mimi — Basi uliongeza mwendo mara mbili. Unajua nguvu ya kushika mutu mu njia ya kona inaongezeka mara ngapi?

Avoka — Mara mbili. Ile haiombe kitabu.

Mimi — Mara ine.

Avoka — Ine inatoka wapi? Muzee, usituibie mbele ya macho.

Mimi — Hesabu na miye, pole pole. Ukiwa na mbio mara mbili, ule mwendo wa kugeuza uko mara mbili. Ile ni moja. Tena, kwa kuwa uko na mbio, unamaliza kona mu nusu ya wakati. Kazi mara mbili, wakati nusu. Mbili mara mbili. Ni sheria ya pili, na haijali barrière.

Avoka alihesabu kwa vidole chini ya meza. Alipoona vidole vinakubaliana nami, aliviacha, akarudi kwenye methali, ambako hakuna hesabu.

Avoka — Sawa. Lakini mama naye alikuwa mukubwa, alijua ile kona. Balisema: asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu. Na muguu ilivunjika. Methali imetimia, kesi imefungwa.

Mama Annette alikichukua kikombe cha Avoka, ambacho kilikuwa bado na kahawa nusu, akaimwaga chini mbele ya viatu vyake.

Annette — Ile mukubwa yenye hakusikia ni nani? Taja jina. Musoki alikaa wapi vibaya? Miaka kumi na ine anakaa juu ya magunia, hajaanguka. Ile siku njo alisahau kukaa?

Avoka — Mama, ni lugha ya tribunal, ya mahakama tu.

Annette — Kunywa kahawa ku tribunal.

Hapo nikaona kwamba wakati wa kulitaja jambo lenyewe umefika. Msomaji asiyeijua njia ya Bule huenda hajui kamba ya bamama. Lori hupanda Bule likiwa karibu tupu, hurudi limejaa maharagwe na viazi, na wanawake wenye mizigo hiyo hukaa juu ya magunia. Kabla ya kuondoka, kamba nene hupitishwa katikati ya mzigo, kutoka kabini hadi nyuma, nayo ina fundo kila urefu wa mkono. Kila mwanamke ana fundo lake. La Musoki ni la tatu, alilirithi kwa mama yake. Lori likiingia kwenye kona, kila mmoja hushika fundo lake, na kamba humvuta pamoja na lori. Jumatano ile, lilipopita mbele ya mlango wangu, kamba hiyo hiyo, na mafundo yake yote, ilikuwa imezungushwa kwenye magunia manne yaliyoongezwa nyuma. Wanawake walikuwa wameshika masikio ya magunia kwa vidole.

Mimi — Tonnage, kamba ya bamama ilikuwa wapi?

Tonnage — Ilikuwa ku kamyo.

Mimi — Fasi gani ku kamyo?

Tonnage — Muzee, niliongeza gunia ine mu njia. Ningeifunga na nini? Ningeiacha ianguke ku kichwa ya bantu? Ile pia ni hatari.

Mimi — Basi andika ile. Andika: niliondosha kamba yenye ilikuwa inavuta bamama, nikapita mu soixante. Ile karatasi nitakuandikia na mukono muzuri, na sinyatire yangu itakuwa ya kwanza.

Tonnage — Niandike vile, komite inikamate permis ya kuendesha? Niko na batoto sita. Na Musoki hajakufa, iko anapumua. Maji ikimwangika haizoleke.

Mimi — Ukiwa umeimwanga weye, unapata haki ya kusema vile?

Tonnage aliivuta karatasi upande wake, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizolaliana kama magunia yake, yale maneno niliyoyakataa. Kisha akaisukuma kwa Avoka. Avoka akatia saini yenye mikia mitatu, bila kusoma, kwa sababu mtu aliyemwagiwa kahawa mbele za watu hutafuta mahali pa kulipizia. Karatasi ikafika kwa Enjenyeri.

Mimi — Étienne.

Sikumwita Enjenyeri. Aliinua macho.

Enjenyeri — Muzee, gololi niliiona. Macho yangu haiko na mawingu. Uko na haki toka mwanzo mpaka mwisho.

Mimi — Basi rudisha karatasi.

Enjenyeri — Kamyo yake njo inaniletea kazi. Magurudumu sita, kila mwezi. Haki yako itaniletea magurudumu ngapi?

Akatia saini. Akairudisha gololi mfukoni mwake pamoja na nyingine, nazo zikagongana humo ndani. Nimewahi kuwakasirikia wajinga wengi, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka sitini na mmoja, kwa hiyo hasira hiyo naijua na haiumi sana. Hii ilikuwa nyingine. Mtu asiyejua unaweza kumkalisha chini na kumwonyesha. Mtu anayejua, ukishamwonyesha, umebaki na nini cha kumfanyia?

Wakati huo mwanamke kijana alisimama mbele ya benchi. Alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa katika kitambaa, kama wafanyavyo wanaopeleka chakula hospitalini, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la safari.

Mgeni — Mwamukaje, bapapa. Jambo, mama. Baliniambia nitapata hapa shofere mwenye anaitwaka Tonnage.

Tonnage — Njo miye.

Mgeni — Miye ni Denise, mudogo ya Musoki. Nimefika jana kutoka Gety. Maharagwe ingine ya yaya, dada yangu mukubwa, imebakia Bule, itaoza. Jumatatu njo nitapanda, fasi yake.

Tonnage alifurahi kuulizwa jambo la kazi. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

Tonnage — Fasi iko. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Usikawie.

Denise — Sitakawia. Na yaya yangu, iko na uchungu mingi, hawezi kueleza vizuri. Ile siku, mu ile kona, gunia ngapi ilianguka?

Tonnage — Gunia?

Denise — Ndiyo. Ninataka kujua kama maharagwe yake iliharibika.

Tonnage — Hata gunia moja haikuanguka.

Denise — Hata ya juu?

Tonnage — Hata ya juu. Nilifunga muzuri, miye mwenyewe.

Denise — Aksanti, papa. Na miye Jumatatu, nikikaa juu yake, nitashika nini?

Aliuliza bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza kama abebe maji ya kunywa. Nadhani Tonnage alitaka kusema kamba, kisha akakumbuka kamba iko wapi na inafanya kazi gani, na kwamba Jumatatu pia magunia yataongezwa njiani kama yanavyoongezwa siku zote. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akasema saa sita inakaribia, akapanda nyuma ya pikipiki ya kwanza iliyosimama. Bado ilikuwa saa tano kasoro robo.

Denise alimgeukia Avoka. Avoka, mwenye methali ya kila msiba na kila harusi, alikuwa akiikwangua kahawa iliyokauka kwenye kiatu chake. Alimgeukia Enjenyeri. Enjenyeri alikuwa akilitazama lile pengo la vidole vitatu kwenye kifuniko, na mkono wake ulikuwa mfukoni.

Denise — Na weye, Muzee?

Nilikuwa na sheria tatu mdomoni, zote za kweli. Ningeweza kumweleza kwamba lori litageuka na yeye ataendelea, kwamba hakuna kitakachomtupa, kwamba ataachwa tu. Ningemweleza hata ataangukia mhogo upi. Nilitafuta katika yote niliyoyasoma kitu kimoja ambacho mwanamke aweza kukizungushia vidole akiwa juu ya magunia. Mama Annette naye alinitazama, akingoja.

Denise alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaiweka chini ile sufuria, akakunja ngumi zake mbili mbele ya kifua, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyeshika kitu, ili tumwelewe, akauliza tena atashika nini, pole pole na kwa sauti kubwa kidogo, akidhani labda amesimama mbele ya viziwi.